Chochote Kilichoko Kibarazani

Giza lilikuwa linaanza kuingia nilipotoka kibarazani na mzigo wa mwisho, ndoo iliyopasuka na viatu vya shule visivyomwingia tena mtu. Nikavitupa juu ya lundo. Ilikuwa imebaki kupiga deki sebuleni, halafu chakula, halafu nilale. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba mtu angenisalimia ningemuuliza anataka nini.

Ngoja kwanza nieleze hilo lundo, maana bila lundo hakuna kisa.

Mimi ni mtunza stoo wa hospitali. Mashuka, ndoo, glavu, sabuni, vyote vinapita mikononi mwangu. Stoo ni ndogo na mahitaji hayaishi, kwa hiyo nina sheria: kipya hakiingii mpaka cha zamani kitoke. Mlangoni nimepiga mstari wa rangi nyekundu sakafuni. Kitu kikishavuka mstari, kimetoka. Hata daktari aje alie machozi, sikirudishi ndani. Watu wananinunia, lakini stoo yangu inang'aa.

Sheria hiyo niliibeba mpaka nyumbani. Tunaishi watu watano kwenye vyumba viwili na sebule, na kila mtu na makorokoro yake. Nisingekuwa mkali tungeshahamia juu ya paa. Nyumbani mstari wetu ni kizingiti cha mlango wa mbele. Kitu kikiwekwa kibarazani, kimetoka. Hakuna kulia, hakuna "mama naomba kile". Kinasubiri mpita njia akichukue. Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, alinibatiza Mama Stoo tangu siku za mwanzo za ndoa, na wala hakuwa ananisifia.

Siku yenyewe sikukuu ya Krismasi ilikuwa imeshapita, mapambo yameanza kuanguka ukutani. Asubuhi nilikwenda madukani na binti yangu mkubwa kwa ajili ya yale mapunguzo ya bei yanayomfanya mtu anunue asichokihitaji huku anajiona mjanja. Watu walikuwa wamefurika. Mwanamke mmoja alinikanyaga halafu akaniangalia kama vile mimi ndiye niliyeuweka mguu vibaya. Nilinunua mashuka, viatu vya watoto, gari la kuchezea la yule mdogo, na kiti. Kiti cha maana, chenye mto na mahali pa kuegemeza mikono, kwa ajili ya mama mkwe. Alichokuwa nacho kilikuwa kimelegea miguu yote na kilikuwa kinalia kila akipumua. Nilitaka kumfurahisha. Na nisiseme uongo, nilitaka pia kile kiti kibovu kitoke machoni pangu.

Mchana wote ukawa wa kupanga. Makabati wazi, vitanda vimesogezwa, karatasi za zawadi zinavutwa kutoka chini ya kochi. Viatu vipya vikaingia, vya zamani vikatoka. Gari likaingia, baiskeli ya magurudumu matatu ikatoka. Kiti kikaingia, kiti kikatoka.

Hapo ndipo vita vilipoanza.

Mwanangu wa mwisho tunamwita Redio. Hajaanza shule, na tangu alipojua kuongea hajanyamaza. Anaongea akila, anaongea akioga, anaongea hata usingizini. Alipoona baiskeli yake inavuka kizingiti aliifuata akaikalia, magoti yanamgonga kidevu kwa jinsi alivyoizidi, akatangaza kwamba kama baiskeli imetoka, na yeye ametoka. Nikamwambia sawa, kaa huko. Bibi yake, badala ya kunisaidia, akajitanda mtandio wake, akatoka naye, akaketi kwenye kiti chake kibovu pembeni ya mjukuu. Akasema kile kipya ni kiti cha kung'olea meno, yeye hakikalii. Kama chake kimetolewa basi na yeye ametolewa, watu wa taka wakipita wampitie.

Wakakaa huko wawili, mtu na mume wake. Ndivyo walivyokuwa wanaitana, mume wangu, mke wangu, na kutwa kunisengenya mimi. Niliwasikia kupitia dirishani. Redio alikuwa anapanga maisha yao ya huko walikotolewa. Watajenga nyumba ya maboksi, watakuwa wanalala na viatu, na mimi nikienda kuwatembelea watanifungia mlango. Bibi alikuwa anacheka mpaka anakohoa. Mimi huku nimepiga magoti na kitambaa cha deki, hasira imenipanda kichwani. Unahangaika siku nzima kwa ajili ya watu, halafu wanakususia.

Mume wangu hakuwepo. Yeye ni fundi wa friji, na baada ya sikukuu friji za watu zinakufa kwa kushindiliwa. Binti yangu alikuwa jikoni anaosha vyombo, vidude vya muziki masikioni.

Aliyenyamaza kwanza ni mama mkwe. Alikuwa na tabia ya kusinzia jioni pale pale alipoketi, mtandio umemfunika uso. Redio akaendelea peke yake.

Kisha nikasikia geti.

Kwiii...

Halikugongwa. Lilifunguka tu, polepole.

"Hodi," sauti ikasema. Sauti ya mwanamke, ya chini, kama ya mtu mwenye mafua.

Nikaitikia karibu bila kuinuka. Kupitia dirishani niliona upande wa kichwa kilichofungwa kitambaa cha kijivu, na bega lenye gunia. Sikushangaa. Wapo wengi wanaopita baada ya sikukuu, wanajua watu wanatupa vitu. Ila harufu ndiyo iliyonifanya nigeuke. Harufu ya nguo zilizokunjwa mbichi zikasahauliwa sandukuni.

Akauliza kama kuna cha kutoa. Nikamwambia kipo, achukue.

"Kipi?"

"Chochote kilichoko kibarazani."

Redio alikuwa anamuuliza gunia lake lina nini ndani, na kama halina kitu, kwa nini analibeba.

"Chochote?"

"Mama, nimeshasema. Kikishavuka kizingiti si changu."

"Hakina mwenyewe?"

Jamani. Mgongo ulikuwa unaniwaka tangu asubuhi, sakafu nusu imelowa nusu haijaguswa, na mtu ananiuliza maswali ya mahakamani kwa ajili ya ndoo iliyopasuka.

"Hakina mwenyewe," nikasema. "Chukua, niache nimalize kazi."

"Haya."

Geti likalia tena. Kwiii...

Na Redio akanyamaza.

Sikushtuka mara moja. Mtu aliyezoea kelele, zikikatika kwanza anapumua. Nikasugua kona, nikakamua kitambaa, nikasugua kona nyingine. Lakini kile kimya kikaanza kunikera. Nikawa nasugua huku nasikiliza. Mwisho nikainuka, nikatoka.

Lundo lilikuwa vile vile. Ndoo, viatu, pazia lililochanika. Hakikuguswa hata kimoja. Mama mkwe alikuwa amelala kwenye kiti chake, mtandio unapanda na kushuka usoni. Redio alikuwa juu ya baiskeli, mgongo umenyooka, mikono juu ya magoti.

Barabarani hapakuwa na mtu.

Nikamwambia mgomo umekwisha, aingie ndani, na nikajiandaa kwa mabishano. Akainuka. Alipofika mlangoni akafuta miguu, wa kulia, halafu wa kushoto. Mtoto huyu tangu azaliwe hajawahi kufuta miguu.

"Asante, mama," akasema.

Asante ya nini?

Akaingia akaketi ukingoni mwa kochi. Lile gari jipya, ambalo mchana alilipigia kelele mpaka nikalificha juu ya kabati, nilimpa nikitegemea kelele nyingine. Akaligeuza geuza, akaliweka ukutani, sawa na mstari wa viatu. Halafu akavinyoosha na viatu. Nikamwekea chakula. Akala chote, mpaka karoti, na kijiko hakikugonga sahani hata mara moja. Dada yake alitoka jikoni, akamwangalia, akachomoa vidude masikioni, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mdogo wake anaumwa.

Nikamgusa paji la uso. Hakuwa na joto. Hakuwa na baridi pia. Alikuwa na hali ya chumba tu, kama meza. Nikainama karibu na nywele zake... ile harufu. Nguo mbichi.

Akainua macho. Hakupepesa.

"Kuna kazi nyingine?" akauliza.

Nilirudi nyuma nikakanyaga ndoo ya maji ya deki. Maji yakamwagika sakafu nzima. Redio wangu mimi angepiga kelele za furaha na kurukia humo na soksi zake. Huyu alishuka kwenye kochi, akachukua kitambaa, akaanza kufuta.

Wakati huo mama mkwe ndiyo anaingia, anajinyoosha kiuno, analalamika kwamba mume wake amemkimbia, amemwacha nje aliwe na mbu. Mtoto akasimama. Akaweka mikono nyuma.

"Shikamoo, bibi."

Mama mkwe akasita mlangoni. Akamwangalia kwanza, halafu akajilazimisha kutabasamu. "Mume wangu," akasema polepole, "leo unanioa au unaniacha?"

Hilo lilikuwa swali lao la kila siku. Na kila siku jibu lilikuwa refu, lina harusi, lina ndege, lina masharti ya biskuti.

"Sijui, bibi," mtoto akasema. "Kuna kazi nyingine?"

Mama mkwe alishika ukuta. Kisha akanishika mimi mkono, akanivuta mpaka jikoni, akasukuma mlango kwa kisigino.

"Huyu si mume wangu," akaninong'oneza.

Nilifungua mdomo nimwambie mtoto ana homa, amechoka, ameona watu wengi. Moyo wangu ulikuwa umeshajua tangu alipofuta miguu.

Akaniuliza ni nani aliyekuja. Nikamsimulia neno kwa neno, kama lilivyokuwa. Nilipofika kwenye "hakina mwenyewe" alifumba macho. Nikangoja anitukane. Angenitukana ningepata nafuu, na kwa kawaida hakuwa mtu wa kusubiri nafasi. Alikaza tu mtandio kiunoni. Akasema utotoni aliwasikia watu wazima wakiongea habari za watu wa namna hiyo, wakimwona mtoto wananyamaza.

"Hawaibi," akasema. "Hawawezi. Wanachukua walichopewa kwa mdomo, na pale kilipokuwa wanaacha kinachofanana. Twende kabla hajaumaliza mtaa."

Nikamuuliza kama huwa wanarudisha. Akasema hilo hakuwahi kulisikia.

Nilimwambia binti yangu aende kwa jirani yetu mshonaji, akae huko mpaka nimfuate. Akauliza, na mdogo wangu? Nikamwambia mwache. Alinisoma usoni, akaondoka bila hata kuvaa viatu. Nyuma yetu yule mtoto alikuwa amemaliza kufuta maji. Alikuwa ameketi tena ukingoni mwa kochi, mikono magotini, anangoja.

Nje kulikuwa bado hakujawa giza kabisa. Ni ule muda ambao taa zikiwashwa hazisaidii na zisipowashwa huoni. Maboksi ya zawadi yalikuwa yamerundikwa mbele ya nyumba za watu, upepo unasukuma karatasi za rangi barabarani. Ndani ya nyumba televisheni zilikuwa zinaongea, watu wanacheka, sufuria zinagongana. Nilitaka kupiga yowe watoke wote. Lakini ningewaambia nini? Mtoto wangu yuko nyumbani, nisaidieni kumtafuta?

Mama mkwe alikuwa na magoti mabovu. Siku hiyo alinitangulia.

Tulimkuta mwisho wa mtaa, penye pipa kubwa la taka. Alikuwa ameketi kwenye ukingo wa barabara, amenyoosha miguu, kama mtu anayepumzika baada ya kazi. Uso wake ulikuwa wa kawaida kabisa, na hilo ndilo lililonitisha. Ningemkuta kwenye foleni yoyote nisingemwangalia mara mbili. Gunia lilikuwa chini pembeni yake. Lilikuwa tupu. Lilikuwa limelala bapa kabisa kwenye lami.

Na ndani yake mwanangu alikuwa anaongea.

Nilimsikia vizuri. Alikuwa anamweleza mtu kwamba baiskeli ina kengele lakini kengele imekufa, baba alisema ataitengeneza, baba ni fundi. Sauti ilikuwa inatoka mbali, chini, kama ya mtu aliyeko kwenye chumba cha pili.

Nilijikuta nimepiga magoti pale kwenye lami.

"Nimekuja kumchukua mwanangu," nikasema.

"Mwanao yuko nyumbani. Nimekuachia."

"Yule si wangu."

"Na huyu?" Akaligusa gunia kwa ncha ya vidole. "Nilikuuliza. Nikarudia kukuuliza."

Nikamwambia nilikosea, nilichoka, sikumaanisha. Nikamwambia anichukue mimi. Akaniangalia kwa huruma, na ile huruma niliitambua. Ndivyo ninavyowaangalia manesi wanaokuja kuniomba nirudishe shuka ndani ya mstari. Alisema mimi sikuwa kibarazani. Nikamtajia kiti kipya, nikamtajia nguo zangu, kabati, kila kilichomo ndani. Akatikisa kichwa. Alisema, bila haraka, kwamba kilichotoka hakirudi, ila kinaweza kubadilishwa na kingine kilichotoka nacho pamoja. Na gunia lake linabeba kimoja tu kwa kila kibaraza.

Mama mkwe akakohoa nyuma yangu, na ndani ya gunia maneno yakakatika.

"Mama?" Redio akasema. "Mke wangu, huyo ni mama? Mama, humu hakuna taa."

Sijui nilitoa sauti gani. Nililirukia lile gunia, nikalikamata kwa mikono yote miwili, nikalikung'uta. Lilikuwa kitambaa tu. Jepesi, lenye unyevu. Mwanamke hakunizuia hata kidogo. Aliniacha mpaka nikachoka, kisha akalichukua mikononi mwangu, akalilaza tena chini na kulinyoosha.

"Mimi nilikuwa kibarazani," mama mkwe akasema.

Alikuwa amesimama nyuma yangu, bado anahema kwa mwendo.

"Nilikuona," mwanamke akamjibu. "Ulikuwa umelala. Nikachukua kinachoongea."

"Sasa niko macho."

Nikasema, "Mama, hapana." Nilisema kwa sauti ndogo, na sote watatu tulisikia udogo wake.

Mama mkwe hakukasirika. Aliinama kwa shida, akanishika shingoni nyuma, kama anavyoshikwa mtoto anayetaka kutapika, akaniwekea mdomo sikioni. Pumzi yake ilikuwa ya moto.

"Ukifika nyumbani utanikuta," akanong'ona. "Nipe chakula. Nifunike nikilala. Na usimwambie mwanangu, moyo wake hauna nguvu hiyo." Akataka kuinuka, akarudi tena. "Na huyu mtoto usimnyamazishe."

Mwanamke akafungua mdomo wa gunia kwa mikono miwili. Mama mkwe alivua viatu vyake, akaviweka pembeni. Akainama kama mtu anayepita mlango mfupi.

Nikafumba macho.

Nilisikia kikohozi chake mara moja. Halafu karatasi zikipeperuka. Halafu kiganja kidogo, cha moto, chenye jasho na vumbi, kikaingia ndani ya mkono wangu.

"Mama, umechelewa," Redio akasema. "Mimi nilikuita, nikaita, nikaita, halafu nikaamua kumwambia yule mwingine habari za baiskeli, lakini yule mwingine haongei, mama, yule anasikiliza tu. Bibi yuko wapi? Alikuwa hapa. Nilimsikia hapa."

Nilipofumbua macho hapakuwa na gunia wala mwanamke. Kulikuwa na pipa la taka, na viatu vya mama mkwe. Nilimbeba mwanangu kwa mkono mmoja, viatu kwa mkono mwingine, nikakimbia. Nilikuwa nalia kwa furaha na nilikuwa nalia kwa aibu, na mpaka leo sijui kipi kilikuwa kikubwa.

Sebuleni, kwenye kochi, hapakuwa na mtu.

Kwenye kiti kipya alikuwa ameketi mama mkwe. Mtandio begani, mgongo umenyooka, mikono juu ya magoti, miguu mitupu.

"Karibuni," akasema. "Kiti ni kizuri. Asante, mwanangu."

Redio akajificha nyuma yangu. Niliingia polepole. Nilipiga magoti mbele ya kile kiti, nikamvisha viatu, kimoja kimoja. Miguu haikuwa ya baridi wala ya joto. Akanishukuru tena.

Mume wangu alirudi chakula kikiwa mezani, mikono imejaa grisi. Alipomwona mama yake kwenye kiti kipya alicheka sana. Akasema si alituambia tangu tulipopanga kukinunua, mpeni muda tu atakizoea. Akamshika bega, akala, akatusimulia habari za friji iliyogoma kwa sababu mwenyewe alisahau keki nyuma ya rafu ikagandia humo. Redio akamsubiri amalize kutafuna.

"Baba, bibi ameingia kwenye gunia."

"Na wewe ukamwachia?" baba yake akasema, huku anacheka.

Mimi nikainuka kutoa vyombo.

Miezi imepita sasa. Siweki tena kitu kibarazani, na nyumba imejaa mpaka mume wangu ananiuliza kama naumwa. Mama mkwe anaamka kabla ya wote. Anakunja nguo, anapanga vikombe, akimaliza anakuja kusimama mlangoni mwa chumba changu na kuuliza kama kuna kazi nyingine. Nikimwambia pumzika, anapumzika. Nampa chakula. Namfunika akilala, ingawa sina hakika kama analala. Majirani wananipongeza. Mshonaji ameniambia nimebahatika, mama mkwe mpole kiasi hiki hapatikani. Binti yangu hali tena meza moja naye na hataki kusema kwa nini.

Kuna siku nilimtilia chumvi makusudi, chumvi ya kumtoa mtu machozi. Nilitaka anitukane. Nilitaka kusikia Mama Stoo, mara moja tu. Alikula sahani nzima akasema asante. Nikaenda kulia bafuni, bomba nimelifungua ili watu wasisikie. Namkosa yule mwanamke. Miaka yote nilikuwa nahesabu makosa yake, kumbe nilikuwa nampenda na sikujua.

Mume wangu anasema uzee umemtuliza mama, na kwamba hajawahi kuwa na amani namna hii nyumbani kwake. Nimekaribia kumwambia zaidi ya mara moja. Namwangalia anavyofurahi, nakumbuka nilichoambiwa sikioni, nameza.

Na Redio kila jioni, ule muda wa taa, anakwenda kusimama getini. Anashika vyuma, anaongea na barabara. Anaongea, ananyamaza kidogo, anacheka, anaendelea. Nilidhani ni michezo yake. Jana nilimfuata, nikachuchumaa pembeni yake, nikamuuliza anaongea na nani.

"Na mke wangu."

Barabara ilikuwa tupu mpaka mwisho. Nikatega sikio. Sikusikia kitu, ila harufu ile ilikuwepo, kidogo tu.

"Anasemaje?"

Aligeuza kichwa, akasikiliza, uso umekunjamana kwa kutaka kulipata kila neno.

"Anauliza kama baba ameshaanza kumtafuta."

Niliangalia nyuma. Kupitia dirishani nilimwona mume wangu amechuchumaa mbele ya kile kiti, anampimisha mama yake soksi alizomnunulia njiani, anamtania, na yule aliyekaa anamshukuru.

"Mwambie anamtafuta," nikasema. "Mwambie kila siku."

Redio akaegemea vyuma vya geti, akamwambia. Tukabaki pale mpaka baba yake alipotuita kula.